Sikuja Kununua

Nianze kwa kusema hivi: mimi Calogera Butera sijawahi kuiba, na sijawahi kumlilia mtu njaa. Nina pensheni yangu, nyumba yangu ina joto, na friji yangu imejaa. Kwa hiyo ukisikia kwamba Jumatatu ile nilitolewa na mlinzi katika soko la Mercato Aurora kama mwizi wa kuku, jua kwamba ni kweli nilitolewa, ila aliyekusimulia hakujua sababu. Nilitolewa kwa sababu nilikataa kununua.

Mambo yalianza Agosti. Binti yangu Santina, mtoto wangu wa pekee, mkuu wa shule, mwanamke wa miaka arobaini na sita anayewatetemesha walimu kwa kukohoa tu, alianguka jikoni kwake. Moyo. Madaktari wakampasua, wakamshona, na kwa siku kumi na moja akalala na mipira puani, hamjui aliyekuja wala aliyeondoka. Siku ya tisa daktari akanishika bega. Daktari akikushika bega, ujue hana tena la kusema. Nikatoka hadi kwenye korido, nikaegemea mashine ya kuuzia soda, nikamwambia Mtakatifu Yosefu: niachie huyu, nami nitakuandalia meza. Kila kitakachowekwa juu ya meza hiyo nitakiomba kwa watu, kwa mdomo wangu na kwa miguu yangu. Hata chumvi sitainunua.

Siku mbili baadaye Santina akafumbua macho, akanitazama, akaniuliza kwa nini nimevaa sweta chafu.

Nadhiri ni nadhiri. Kwetu sisi Wasisilia wa Buffalo, watoto wa Waitalia waliohamia Marekani, meza ya shukrani haipikwi kwa mfuko wako mwenyewe. Unapita ukiomba. Mwenye nacho anaomba, asiye nacho anaomba, ili asiwepo wa kumringia mwenzake. Ukishapewa unapika, unafungua mlango, na yeyote atakayebisha hodi anakula mpaka ashibe. Mama yangu aliomba hivyo mwaka kaka yangu Gaspare alipopona polio. Alipita mtaa mmoja tu, akarudi akiita watu wamsaidie kubeba.

Mtaa huo umekwisha. Barabara ipo, watu ndio hawapo. Nilianza kuomba Jumamosi. Kati ya milango kumi na miwili niliyoijua, saba wenyewe wamekufa, wanne wamehamia kwa watoto wao, na wa kumi na mbili, Nunzia Lo Tempio, alinipa machungwa manne kisha akaniweka kitini saa mbili nzima akinisimulia habari za magoti yake. Duka la mkate limefungwa. Muuza samaki kafunga. Wote walifunga baada ya Mercato Aurora kufunguliwa, ghorofa mbili za vioo, nusu soko nusu mkahawa. Nikajiuliza: aliyeumeza mtaa mzima, si na desturi za mtaa amezimeza? Basi na azitapike kidogo.

Nikampigia Santina simu. "Meza ni Alhamisi, sikukuu ya Yosefu. Nipeleke Aurora."

"Sawa, Ma. Tutanunua kila unacho—"

"Nani kasema kununua?"

Nikamsikia akivuta pumzi. "Ma, tafadhali usinifanyie hivyo. Wazazi wa wanafunzi wangu wanakula pale."

"Vizuri sana. Watakuwa na cha kutoa."

Tulifika saa sita mchana, theluji ya Machi ikianguka ovyo kama vile haijui kalenda. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: soko lile linapendeza. Mkate una harufu ya mkate. Samaki macho yao maangavu. Tambi zinakatwa mbele yako na kijana aliyevaa kofia nyeupe, na katikati ya ukumbi kuna meza za marumaru watu wamekaa wanakula, glasi mkononi, makoti migongoni mwa viti. Nilitamani kukasirika tangu mlangoni, nikashindwa. Hilo likaniudhi zaidi.

Santina alikuwa nyuma yangu, kola ya koti imepandishwa hadi masikioni, anasoma lebo za chupa za mafuta kana kwamba hatujuani.

Nikaenda kwa msichana wa kaunta ya unga. "Binti, habari za kazi. Naomba unga kwa ajili ya meza ya Mtakatifu Yosefu. Chochote mtakachonipa."

"Karibu, bibi. Unataka kilo ngapi?"

"Si wa kununua. Naomba."

Akatabasamu, akageuka kulia, akageuka kushoto, akitafuta labda kamera iliyofichwa. "Malipo ni kule mbele, bibi."

"Najua malipo yalipo. Macho ninayo. Nakuomba unga."

Maskini msichana, akaenda kumwita meneja. Akaja kijana mrefu, viatu vimechongoka, ndevu zimepakwa mafuta, kibandiko kifuani kinasema Trevor. Nikamweleza yote, kuanzia moyo wa Santina hadi magoti ya Nunzia. Alisikiliza vizuri, sitamsingizia. Kisha akasema, "Mama, tunaheshimu sana mila za jamii. Kuna fomu ya maombi ya misaada kwenye tovuti yetu. Unajaza, na baada ya wiki sita unajibiwa."

"Sikukuu ya Yosefu ni Alhamisi hii."

"Naelewa, ila utaratibu ni utaratibu."

"Hebu njoo," nikamwambia, nikamshika mkono wa shati. Ukutani kwao kuna picha kubwa ya zamani, mita tatu hivi, wanawake wa mtaa wetu wamesimama nyuma ya meza iliyosheheni mikate. Wameitundika hapo kama pambo. "Unaijua hii ni meza gani? Ni meza ya Yosefu. Huyu wa tatu ni shangazi yangu Crocifissa. Kila mkate unaouona hapo uliombwa. Umewatundika waombaji ukutani, na anayekuja kwa miguu unampa fomu?"

Watu wawili watatu wakasimama na vikapu vyao. Trevor akaona. Uso ukambadilika, ukawa wa sherehe. "Unajua nini, mama? Tutafanya jambo zuri. Nitakupa paja zima la nguruwe lililokaushwa, la Parma, bora kabisa. Tutapiga picha hapa hapa, mimi na wewe, na bango letu."

"Nyama!"

"Bora kabisa."

"Ni Kwaresima, wewe! Meza ya Yosefu haina nyama. Hata jibini haina. Tambi zake tunazinyunyizia chembe za mkate zilizokaangwa, zifanane na vumbi la mbao, maana yeye alikuwa seremala. Unauza chakula cha Wataliano ghorofa mbili, hilo hujui? Na mimi si kibao cha tangazo. Nipe unga kilo moja nikuombee dua, au ninyime nijue moja."

Hapo Santina akaja mbio, akanishika kiwiko. "Ma. Twende ukae. Kunywa kahawa. Niachie mimi nizungumze naye, mimi nimewazoea watu wa namna hii."

Nikakubali. Ndiyo, miguu iliniuma, lakini kilichonikalisha ni furaha. Tangu Agosti hakuwahi kulitaja jambo hili ila kwa kulikwepa, na sasa amesema niachie mimi. Nikakaa kwenye meza ya marumaru, nikanywa kahawa aliyonilipia. Kahawa si ya mezani kwa Yosefu, hiyo ruksa. Nikawatazama kwa mbali wakinong'ona, Trevor anatikisa kichwa, halafu anaitikia.

Baada ya muda Trevor akaja anasukuma toroli. Unga. Maharagwe makubwa ya fava. Samaki wa sadini, shamari yenye majani yake, ndimu, zabibu kavu, mkate wa kusaga chembe. Vitu vyote, hakuna kilichosahauliwa. "Zawadi kwako, mama," akasema, macho kwenye viatu vyake vilivyochongoka. "Kutoka kwetu."

Lo! Nilisimama nikambusu mashavu yote mawili. Nikamwambia mama yako alikulea, mwanangu, nimekusema vibaya moyoni, nisamehe. Nikamwombea mke, nikamwombea watoto, nikamwombea na ndevu zake zisinyonyoke. Santina alikuwa kando, anatazama theluji dirishani.

Sasa, msichana mmoja wa kaunta ya malipo, Mungu ambariki kwa uaminifu wake, akaja anakimbia kutoka mbele, mkono juu. "Dada! Dada! Umesahau kadi yako ya benki kwenye mashine!"

Alimkabidhi Santina. Kwa heshima, na risiti juu.

Nilimtazama Trevor, Trevor akakumbuka ana kazi sehemu nyingine. Nikamtazama mwanangu.

"Ma," akasema, "ni chakula. Ni unga tu. Umetoka kwao au umetoka kwangu, utaumuka vile vile."

"Umenidanganya mbele ya mtakatifu."

"Nimekusaidia! Una miaka sabini na minne, unazunguka kwenye theluji unaomba kama huna mtoto. Unajua watu wanasemaje juu yangu?"

"Wanasema una mama mwenye neno lake."

"Wanasema mama yangu amechanganyikiwa!" Sauti yake, ile ya kunyamazisha ukumbi wa watoto mia tatu, ikanyamazisha ukumbi wa walaji. Uma zikatua. "Na mimi nimechoka, Ma. Nimechoka kuwa muujiza wako. Nikienda kanisani wananigusa mkono kama sanamu. Nikienda saluni wananiangalia kifua. Niliugua, nikapasuliwa na daktari aliyesoma miaka ishirini, nikapona. Basi. Yosefu hakushika kisu."

Iliniuma, sifichi. Iliniuma kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli.

"Daktari nilimshukuru," nikasema. "Nilimpelekea trei tatu za biskuti za ufuta, nikamwosha mikono kwa machozi yangu, mwulize. Lakini siku ya tisa daktari mwenyewe alinishika bega, Santina. Alikuwa amemaliza ya kwake. Ungekuwa unauzwa kwenye ile korido, ningeuza nyumba, ningeuza na jino la dhahabu la baba yako. Hukuwa unauzwa. Sikuwa na la kufanya ila kuomba, na nikaomba kama mbwa chini ya meza. Wewe uliombwa. Hukununuliwa. Na hutanunuliwa leo kwa kadi ya benki."

Alizamisha uso kwenye kola ya koti, na mimi sikumhurumia, nilikuwa na hasira bado.

Nikalisukuma toroli lile mwenyewe hadi kwa msichana wa malipo. "Rudisha, binti. Kila kitu. Mrudishie dada pesa yake."

Kisha nikageuka kwenye meza za marumaru. Kama wenye duka hawatoi, walaji wapo. Meza ya kwanza, mabwana wawili wenye tai. "Samahanini, mabwana. Naomba chochote kwa meza ya Mtakatifu Yosefu. Limau hilo hulili?" Bwana mmoja akanitolea limau zima kutoka kwenye sahani ya samaki wake, mdomo wazi. Nikalitia mfukoni. Meza ya pili, mama mwenye mtoto mchanga akanipa vijiti vya mkate viwili. Meza ya tatu, mwanamke mwenye miwani akamvuta mtoto wake karibu, akasema kwa sauti kwamba watu wengine hawana aibu. "Aibu ninayo," nikamwambia, "nimeiacha nyumbani ipumzike."

Mlinzi akafika. Mtu mkubwa, mpole, mikono ameikunja mbele kama yuko msibani. "Bibi, nakuomba tutoke."

"Unaniomba? Ona, kumbe humu ndani kuomba kunaruhusiwa."

Akacheka, hakutaka, akacheka. Lakini alinitoa.

Nje upepo wa ziwani ulikuwa unakata masikio. Nikauliza: "Njia hii ya miguu ni ya Aurora?" Mlinzi akasema hapana, ni ya mji. "Asante. Basi nipo mjini." Nikasimama hatua tatu kutoka mlangoni.

Santina alitoka akanipita. Hakunitazama. Akavuka hadi kwenye gari, akaingia, akaliwasha. Moshi ukatoka nyuma, gari halikuondoka, yeye hakushuka. Sawa, nikasema moyoni. Nadhiri ni yangu, si yake.

Ni kazi ngumu, kuomba mlangoni pa soko. Watu wanatoka na mifuko miwili miwili, wanakuona, wanageuza macho. Wanadhani huna pa kulala. Mwanamume mmoja akanitumbukizia dola mkononi bila kusimama. Nikamkimbilia, mimi na umri wangu, nikamrudishia. "Sitaki pesa. Una nini ndani ya huo mfuko?" Akaingia kwenye gari lake haraka, akajifungia. Dakika ishirini zikapita, labda zaidi. Vidole vya miguu sikuvisikia tena. Limau moja, vijiti viwili vya mkate. Nikaanza kuogopa, nasema kweli. Nilimwona Yosefu Alhamisi akitazama meza yenye machungwa manne na limau la mtu, na mimi nikijieleza. Na niliogopa jambo jingine, la kijinga, sitalificha: kwamba nilichopewa kinaweza kudaiwa. Kwamba moyo wake utasimama tena kwa sababu mama yake alishindwa kupata kilo ya unga.

Mlango wa gari ukafunguliwa. Sikugeuka. Nikasikia viatu vyake kwenye theluji, vile viatu vizuri visivyofaa theluji, na akaja akasimama kando yangu, bega kwa bega. Alikuwa amelia, na hakujali nani anaona.

"Unasemaje ukiomba?" akaniuliza.

"Unasema naomba."

Mama mmoja alitoka, koti jekundu, mifuko imemjaa. Alimtambua. "Mwalimu Mkuu? Kuna nini? Mnachangisha?"

Nilimwona Santina akiishusha kola ya koti. Angeweza kusema ni mradi wa shule. Angeweza kusema mama yangu ni mzee, mvumilie. Nilijua maneno yote ambayo angeweza kuyasema, maana nimemzaa.

"Naomba chakula," akasema. "Kwa meza ya Mtakatifu Yosefu, ya shukrani."

"Ya nani? Nani aliugua?"

"Mimi. Nilikuwa nakufa, mama yangu akaniomba kwa Yosefu. Nikapewa. Sasa naomba mimi."

Yule mama aliweka mifuko yake chini kwenye theluji. Alitoa makopo mawili ya sadini. Akayatazama, akatoa na la tatu, akatoa na maharagwe ya fava, kisha akamshika Santina usoni kwa mikono yote miwili, na Santina akamwacha amshike.

Baada ya huyo wakaja wengine, ndivyo watu walivyo, mmoja akisimama wa pili anasimama. Bwana mmoja wa wale wenye tai alitoka na mkate mzima. Mama wa mtoto mchanga akatoa zabibu kavu. Wawili walikataa, na Santina akawaambia asante vile vile, kwa sauti yake ya kwenye paredi, na kuendelea na aliyefuata. Mimi nilishika mifuko tu. Nililia, ndiyo, na upepo ule ukanipa kisingizio.

Kilichokosekana ni unga. Hakuna aliyekuwa amenunua unga, mji mzima siku hizi unanunua mkate.

Trevor akatoka, bila koti, mabega yamepanda kwa baridi. "Mama, dada, tafadhali. Wateja wanalalamika. Mnasimama karibu na mlango."

Nilikuwa na la kumjibu, lilishafika kwenye ulimi. Santina akanitangulia. Alimwendea hadi mbele yake, akanyoosha mkono, kiganja juu, glavu amevua.

"Naomba unga, Trevor," akasema. "Si wa kununua. Ukininyima, sawa, sitakasirika. Alhamisi saa sita njoo kwa mama yangu, Mtaa wa Busti, ule kama watu wote."

Akabaki ameunyoosha mkono ule, theluji ikianguka kiganjani, na Trevor hajui pa kuangalia. Mimi nikanyamaza, kwa mara ya kwanza siku ile, maana nadhiri ilikuwa imeshakuwa ya wawili.